Awe chakula cha mamba: kisa cha wimbo wa mchakamchaka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi. Fagio za chelewa zimeshawekwa chini, maji ya ndoo zetu yameshamwagiwa bustani, na mwalimu wa zamu amesimama karibu na mlingoti, filimbi mdomoni. Tunajipanga mistari miwili, wadogo mbele ili wasiachwe. Kiranja mwenye sauti kuliko wote anaachia: "Mchakamchaka!" Sisi tunaitika: "Chinja!" Vumbi linaanza kupanda.

Tukishatoka getini, barabara ikishanyooka, ndipo unakuja ule ambao kila mtu alikuwa akiusubiri:

Idi Amini akifa
Mimi siwezi kulia
Nitamtupa Kagera
Awe chakula cha mamba

Kiranja anatanguliza kipande, sisi tunakipokea, tunazunguka nacho mpaka njia panda na kurudi. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Rais Idi Amin, vilipopiganwa. Mto Kagera hatukuwahi kuuona. Mimi binafsi, mpaka nafika darasa la nne, niliamini Idi Amini ni jitu la kwenye hadithi, ndugu yake zimwi, na kwamba mamba wa Kagera wanafugwa kwa ajili yake tu.

Vita vyenyewe havikufikisha mwaka. Wimbo umepita miongo minne. Watu waliosoma shule ya msingi Mtwara, Tabora, Tanga au Mbeya, ambao hawajawahi kukutana, ukiwaanzishia kipande cha kwanza watakupokea cha pili bila kufikiri. Zimetungwa nyimbo nyingi za vita vile, zikapigwa redioni na bendi zenye magitaa na tarumbeta, na leo ni wachache wanaozikumbuka. Huu usio na ala, usio na mtunzi anayetajwa, ndio uliobaki. Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba vita viliuzaa wimbo, lakini barabara ya shule ndiyo iliyoulea.

Kwa wasiokumbuka: tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Redio Uganda ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda, na kwamba mto ndio mpaka. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Wanavijiji waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa. Katikati ya hayo Idi Amin, aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, akajitolea kumaliza mgogoro ulingoni, yeye na Mwalimu Nyerere, refa awe Muhammad Ali.

Mwalimu alijibu tarehe 2 Novemba kwa maneno ambayo nayo yameganda kwenye vichwa vya watu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Jeshi ambalo lilikuwa na watu wasiozidi 40,000 likapanuliwa, pamoja na mgambo, likapita 150,000. Vijana waliokuwa wakilima na kuvua wiki iliyotangulia walipakiwa kwenye malori na mabasi ya raia, wakapelekwa kaskazini magharibi. Operesheni Chakaza, ya kuwafukuza wavamizi, ikaanza. Januari 1979 Mutukula, mji wa mpakani, ilichukuliwa, Masaka ikaanguka Februari 24, Mbarara kesho yake, Entebbe Aprili 7, Kampala Aprili 11. Tarehe 3 Juni wanajeshi wetu walikuwa wamefika mpaka wa Uganda na Sudan.

Sehemu kubwa ya safari hiyo ilikwenda kwa miguu. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, kupita kwenye migomba na vinamasi, mvua za masika zikiwa zimeanza, mtu amebeba bunduki, risasi na chakula chake. Ukishalijua hilo, unaelewa kwa nini vita vile vilihitaji wimbo wa miguu.

Na wimbo wa miguu ulikuwa na nyumba tayari. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na humo ndani kuna kitu kinaitwa chenja: nyimbo za kukimbia, za kulima, za kuchota maji, mmoja akitoa na kundi likipokea. Mtu aliyepita JKT anaweza kusahau namba yake ya bunduki, lakini chenja haziachi. Chenja haina mwenyewe. Anayeongoza leo anaongeza jina la mwenzake aliyelegea, kesho mwingine analitoa na kuweka la mpishi aliyeunguza maharage. Neno lenyewe mchakamchaka ni mlio, ni jamaa ya mchakacho wa nyayo kwenye majani makavu. Ukilisema haraka mara nne tano unasikia kikosi kinapita.

Sasa uhesabu wimbo kwa vidole. I-di-A-mi-ni-a-ki-fa: nane. Mi-mi-si-we-zi-ku-li-a: nane. Ni-ta-m-tu-pa-Ka-ge-ra: nane, maana ile m imesimama silabi peke yake. A-we-cha-ku-la-cha-ma-mba: nane. Vipande vinne vya mizani nane nane, vyote vikitua kwenye a. Huo ni mwili wa ubeti wa utenzi. Mtu wa vina atanikatalia, aseme fa, a, ra na mba si vina kamili, na atakuwa sahihi. Lakini mizani haina ubishi. Hata jina limekubali kunyooshwa: Amin amepewa i ya mwisho, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie hewani, na kwa sababu bila hiyo i kipande kingebaki na saba na mguu mmoja ungekanyaga hewa.

Sidhani kama aliyeutunga alikaa chini akahesabu. Hakuhitaji. Pwani yetu imekuwa ikisimulia vita kwa mizani nane tangu Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, na mapigo hayo yalishaingia kwenye madarasa ya bara kupitia mashairi ya vitabu vya shule. Vita hivi hivi vya Kagera vilitungiwa utenzi mrefu wa kitabu na Henry Muhanika. Kitabu kile kinasomwa na wanafunzi wa fasihi. Ubeti mmoja ulioponyoka ukaenda kukimbia barabarani unaimbwa na mtoto asiyejua kusoma.

Kwa anayekimbia, mizani nane ni hatua nne. Kiranja anatumia hatua nne kutoa kipande, kisha anavuta pumzi hatua nne wenzake wanapopokea. Nusu ya muda unaimba, nusu unapumua. Ndiyo maana unaweza kukimbia nao kilomita tatu bila kichomi. Wimbo wenye kipande kirefu ungeua mtu mlimani.

Lakini maneno ndiyo yaliyonishika mimi. Nianze na akifa. Ingekuwa "amekufa", wimbo ungekuwa taarifa ya habari na ungechacha baada ya wiki. Ingekuwa "auawe", ungekuwa amri ya kikosini, nao ungekwisha siku kikosi kilipovunjwa. Ile -ki- haina tarehe. Inasema siku hiyo itakapofika, iwe lini iwe lini, mimi nimeshajua nitafanya nini. Vita vikaisha, Kampala ikachukuliwa, mtu mwenyewe akakimbilia Libya kisha Saudi Arabia, na kila asubuhi watoto wa Tanzania wakaendelea kuimba akifa, kwa sababu alikuwa bado hajafa. Kwa miaka 24 sentensi ile ilibaki sahihi kisarufi na kihistoria.

Kisha siwezi kulia. Siyo "sitalia". Sitalia ni uamuzi, mtu anaweza kuubadili akimwona mjane. Siwezi ni mwili umekataa, machozi hayapo. Kwetu kilio ndilo jina la msiba wenyewe. Tunasema "nimetoka kilioni", tunasema "fulani ana kilio". Asiyekwenda kulia kwa jirani yake amejikata na ujirani. Kwa hiyo anayeimba kipande hicho anatamka jambo zito kuliko kumchukia mtu: anasema kati yangu na huyu hakuna undugu hata ule wa mwisho, ule ambao kila binadamu anamdai mwenzake.

Na nitamtupa inalipigilia msumari. Mtu huzikwa, taka ndizo hutupwa. Hata adui aliyeanguka vitani hufukiwa. Mtu aliyeliwa na mamba hana kaburi, hana matanga, hana mahali ambapo mwanawe atakwenda kung'oa magugu. Katika maneno matatu, mimi siwezi, nitamtupa, mtoto wa miaka minane anaimba adhabu ambayo wazee wa kijiji wangeogopa kuitamka kwa sauti.

Halafu Kagera. Amin aliutaka mto ule uwe mpaka wake. Wimbo unampa mto, na mpaka wake unauweka tumboni mwa mamba. Jina hilo moja limebeba sababu yote ya vita, ndiyo maana hakukuhitajika ubeti wa pili wa kueleza. Baada ya vita serikali nayo ikaliinua jina hilo hilo: mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera.

Kuna kinachokosekana pia. Redio na magazeti ya wakati ule hayakulitaja jina la Amin bila kulitanguliza neno nduli. Wimbo haukulichukua. Haukuchukua uwezo, sababu wala nia. Unapomtaja Mwalimu, kwenye wimbo mwingine unaokimbia pamoja nao, "alisema, alisema, Nyerere alisema", unamwekea mdomoni maneno ya mchakamchaka wenyewe: vijana wangu wote mmelegea. Hayo si maneno ya hotuba ya Novemba 2. Ni maneno ya mwalimu wa zamu. Mkuu wa nchi amegeuzwa mwalimu wa zamu wa taifa zima, na sisi tuliokimbia tukimtaja tulimpenda hivyo.

Sasa hesabu ya miaka, ambayo kwangu ndiyo ufunguo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Ndiyo UPE, elimu ya msingi kwa wote, ambayo wengine huikumbuka kwa madarasa ya chini ya mwembe na walimu vijana waliokuwa wametoka tu darasa la saba. Watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, na kufikia mwaka 1980 walipita milioni 3. Vita vililipuka Oktoba 1978, mwaka mmoja tu baada ya milango kufunguliwa wazi. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa haijawahi kuwa na watoto wengi kiasi kile walioingia shule kwa mara ya kwanza, wote wakifundishwa kwa lugha moja, wote wakianza siku kwa gwaride. Wimbo uliotungwa mwaka 1960 ungekutana na watoto wachache waliosambaa. Huu ulikuta uwanja umejaa.

Na kila shule ilikuwa na mtu wa kuuleta. Mwalimu aliyemaliza chuo alikuwa amepita JKT au mafunzo ya mgambo, na alikuja na chenja zake kama alivyokuja na chaki. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imeshaifanya shule iwe mahali pa jembe, ufagio na mistari iliyonyooka. Kutoka kambini hadi shuleni hapakuwa na daraja la kuvuka. Darasa la saba wakawafundisha la kwanza bila mwalimu kusema neno, kila Januari kundi jipya, na hapo wimbo ukawa hauhitaji tena jeshi. JKT kwa mujibu wa sheria ilisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa 2013. Katika miaka hiyo yote 19 mchakamchaka wa shule haukusimama hata siku moja.

Uchumi lazima utajwe, ingawa haraka. Vita viligharimu nchi mamia ya mamilioni ya dola, na Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ule ulifungwa miaka. Sukari ikawa ya foleni, sabuni ikawa ya foleni, nguo ikawa habari ya kusimuliana. Wazazi wetu walishinda vita na hawakupata cha kuonyesha mezani. Nafikiri hilo nalo liliushikilia wimbo. Palipokosekana kitu cha kushika mkononi kama tunda la ushindi, palikuwepo hiki cha mdomoni, na hakikuhitaji kibali wala foleni.

Nifike kwenye sehemu ngumu.

Mwaka 1994 nilikuwa bado mtoto wa mistari miwili. Mwisho wa Aprili wakimbizi wa Rwanda robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 tu. Chini ya daraja hilo unapita mto Kagera, na mto ulikuwa umebeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ziliteremka na maji, zikapita Tanzania, zikaingia Uganda, zikaishia Ziwa Viktoria. Wavuvi wa pande zote waliacha kuvua, watu wakaacha kula samaki. Waganda wa Kasensero, Lambu na Ggolo, kando ya ziwa, walizitoa maiti majini na kuzizika, zaidi ya 10,000, watu wasiowajua, wa nchi isiyo yao. Waganda wale wale ambao wimbo wetu ulikuwa umewaacha wote ndani ya jina la mtu mmoja.

Asubuhi za miezi hiyo sisi tulikuwa tukikimbia na kuimba nitamtupa Kagera. Hakuna mwalimu aliyetusimamisha, na siwalaumu, kwa sababu habari zilifika kwetu polepole na hakuna aliyeuunganisha mto wa redioni na mto wa wimboni. Niliunganisha mimi mwenyewe, miaka mingi baadaye, siku niliposoma habari za Lambu. Nilikaa kimya muda mrefu. Kile tulichokiimba kama adhabu ya mtu mmoja mwovu, kutupwa mtoni bila kaburi, kilikuwa kimewafika maelfu ya watu wasio na hatia, katika mto huo huo tuliokuwa tukiutaja.

Kuna wanaosema wimbo huu upigwe marufuku shuleni. Sikubaliani nao. Umebeba kumbukumbu ya Kyaka kuliko kitabu chochote cha historia tulichosomeshwa, na kuna vijana waliotembea kutoka Mutukula ambao leo wamelala makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba, na kwa watoto wengi wimbo ule ndiyo njia ya kwanza ya kufika hapo. Ila mwalimu anayewaachia watoto waimbe bila kuwaambia kitu anawanyima. Dakika kumi kabla ya filimbi zinatosha. Waambiwe Amin alikuwa nani. Waambiwe pia kwamba Waganda ndio walioteseka mikononi mwake kwanza na kwa muda mrefu kuliko sisi, miaka minane, na kwamba siku vikosi vyetu vilipoingia Kampala walitoka mitaani kuvishangilia.

Mimi nimeanza na wa kwangu. Ana miaka tisa. Jumamosi moja klabu ya jogging ya mtaani ilipita na fulana zao za njano, kiongozi akaachia kipande cha kwanza, naye akakipokea dirishani kabla sijashtuka kwamba anaujua. Waliporudi akaniuliza kama mamba walimla kweli.

Nikamwambia hapana. Idi Amin alifia hospitalini Jeddah, tarehe 16 Agosti 2003, na akazikwa huko huko. Ana kaburi. Akaona si haki, nikamwacha aone hivyo. Kisha nikamweleza habari za mto mwaka 1994 kwa maneno ambayo mtoto wa miaka tisa anaweza kuyabeba, na wavuvi waliowatoa watu majini. Akanyamaza, akichezea pazia.

Akaniuliza watu wale walikuwa wanaitwa nani. Nikamwambia makaburi ya Lambu ni ya pamoja, na majina hayakujulikana.